Ng'ombe wa Kuwekewa

Wiki ile Paskalina hakukaa kitako hata chakula kilipopakuliwa. Alikula amesimama, bakuli mkononi, jicho dirishani, kama mtu anayesubiri gari. Akianza kufagia uwanja, anauacha ufagio katikati. Akienda kisimani, anarudi na ndoo haijajaa. Mumewe Bura, ambaye tangu gogo lilipomvunja mguu kazi yake ni kukaa kwenye kigoda mlangoni akichonga mipini ya majembe, alimvumilia siku ya kwanza na ya pili, ya tatu akachoka.

"Mama Monica, kaa chini. Utatoboa sakafu."

"Nikikaa nawaza."

"Na ukisimama?"

"Nawaza pia, ila miguu inanisaidia."

Kilichomtoa kwenye kiti kilikuwa tangazo. Jumapili baada ya misa, mwenyekiti wa kijiji, mzee Gidamis, alisimama nje ya kanisa akatangaza mkutano mkuu wa kijiji siku ya Jumamosi, ajenda moja tu: kuhakiki orodha ya kaya maskini zinazopewa fedha na serikali. Waliomo watasomwa jina kwa jina. Atakayeonekana amepata nafuu atatolewa, na nafasi yake atapewa mwenye hali mbaya zaidi. Ilikuwa haki, nani angebisha? Hata Paskalina, ambaye jina lake lilikuwamo, alipiga makofi na wenzake. Makofi yalipokwisha ndipo alipomkumbuka ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe chotara, mwekundu, mwenye mimba ya miezi sita, analala kwenye banda lililoegemea jiko la Paskalina. Maziwa yake waliyanywa akina Paskalina. Samadi yake ilinenepesha bustani ya vitunguu saumu ya Paskalina. Kila aliyepita njia ile ya Tlawi alipomwona alisema, "Mama Monica kajitahidi kweli." Kumbe hakuwa wake. Alikuwa wa Efrazia, mke wa mwalimu Evarist, na katika kijiji kizima waliolijua hilo walikuwa watatu: Efrazia mwenyewe, Paskalina na Bura.

Kumwekea mtu ng'ombe si jambo geni huku. Mwenye mifugo mingi na malisho machache humpeleka mmoja kwa jirani asiye na kitu. Jirani anakunywa maziwa, anapata samadi, na wakipatana, ndama wa tatu anakuwa wake. Jambo lenyewe hufanyika mchana kweupe, mbele ya mashahidi wawili, na pombe kidogo ili kila mtu akumbuke. Efrazia na Paskalina walilifanya kimya kimya, bila shahidi wala pombe, kwa sababu Efrazia alikuwa anamficha mtu mmoja, na mtu huyo ni mumewe.

Usimwone mwalimu Evarist na koti lake ukadhani mambo yake yamenyooka. Mshahara alikuwa nao, tena kila mwezi, na kijiji kizima kilimwita bosi. Lakini benki ilikuwa inaukata kwa mkopo wa pikipiki, pikipiki ilikwisha kufa na mkopo ukabaki. Akakopa pengine kuziba hapo. Halafu akaangukia kwa wakopeshaji wale wa kausha damu, wanaoshika kadi yako ya benki na kukurudishia chenji. Na bado harusi zote aliahidi mchango mkubwa, maana mwalimu hawezi kuahidi kidogo, watu watasemaje. Mke wake alikuwa amelima saumu misimu miwili, akauza kwa Tawakali, mfanyabiashara wa Mbulu mjini, na kwa fedha ile akanunua mtamba. Angemfunga nyumbani, mwezi usingekwisha kabla hajageuka rejesho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba nyumba yenye mshahara haikuwa na ng'ombe, na nyumba isiyo na kitu ikawa naye. Ndama wawili wa kwanza walipelekwa Nangwa kwa kaka yake Efrazia, na watu wakadhani Paskalina ameuza. Hakuwahi kusema uongo. Wakimsifu alijibu, "Mungu ni mkubwa," akaendelea na safari yake. Na tuseme ukweli, sifa zile zilimkolea. Kabla ya ng'ombe, kwenye kikoba cha akiba cha akina mama alikuwa anakalia jiwe. Baada ya ng'ombe walikuwa wanamsogezea kiti.

Sasa sifa zile zile zilikuwa zinamrudia. Fedha za kaya alizopokea kila baada ya miezi miwili hazikuwa nyingi, lakini ndizo zilizomweka Monica hosteli. Binti yao alikuwa kidato cha tatu, na shule ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu, kupanda na kushuka, na asubuhi za Juni ukungu unakuwa mzito hadi humwoni anayekusalimia. Asiyelala hosteli hupanga chumba mjini, wawili wawili, wakijipikia. Mwaka uliopita wasichana wawili wa kijiji hicho walipanga chumba hivyo. Wote walirudi na mimba kabla ya mwaka kwisha, na mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Tangu siku hiyo Paskalina aliapa kwamba Monica atalala hosteli hata ikibidi wengine wale mara moja kwa siku. Muhula wa pili ulikuwa unaanza baada ya wiki sita. Hisa zake za kikoba zilikuwepo, lakini kikoba kinavunjwa na kugawanwa Desemba, na katiba yake haijui habari za hosteli.

Jumatano alishindwa. Aliacha maharage motoni, akamwambia Bura ayaangalie, akapanda hadi nyumba za walimu. Efrazia alikuwa anaanua nguo. Alipoona sura ya mwenzake alishusha kapu.

"Umekuja kuhusu Jumamosi."

"Mtoe ng'ombe wako kabla ya Jumamosi," alisema Paskalina. "Au uniruhusu niseme ni wa nani. Mojawapo."

"Nimtoe nimpeleke wapi siku tatu hizi? Gari la Nangwa ni fedha. Na ana mimba, akianguka njiani?"

"Basi niseme."

Efrazia alitazama mlango wa nyumba, kisha akamshika mkono wakazunguka nyuma ya tangi la maji. "Paska, sikiliza. Nyumba hii ni ya shule. Evarist amebakiza miaka minne astaafu. Siku hiyo tutafunga virago twende wapi? Kiwanja hatuna. Mafao yake nayajua, yataliwa kabla hayajafika. Ng'ombe huyo na ndama wake wawili ndio kiwanja changu. Ukimtaja mbele ya watu, jioni Evarist atakuwa ameshampigia simu mtu wa mnada."

"Na Monica?"

"Monica Mungu atamsaidia."

"Mungu amemsaidia kwa fedha za kaya, Efrazia! Ndizo unazotaka nizitupe!"

"Ndama aliye tumboni ni wako. Huyo ni fedha."

"Huyo atazaliwa Septemba. Hosteli ni Julai."

Efrazia alianza kulia bila sauti, na Paskalina alikasirika, maana huwezi kugombana vizuri na mtu anayelia. Walifahamiana tangu wakiwa darasa la pili, walikuwa wamesukana nywele, wamesimamiana harusi. Aliondoka hajaahidi kitu. Nyumbani alikuta maharage yameungua na Bura anachonga.

"Nilisahau kuangalia," alisema Bura.

"Siku ile nilipokuambia naletewa ng'ombe wa watu, ndipo ulipopaswa kunikataza."

"Wewe ulikuwa unataka kiti kwenye kikoba," alijibu Bura kwa upole, na kwa kuwa ilikuwa kweli, iliuma mara mbili.

Hadi Jumamosi asubuhi alikuwa ameamua kusema kweli. Alijipanga maneno akikamua: ng'ombe si wangu, nimewekewa, mwenyewe yupo. Akayarudia akivaa kitenge, akayarudia njiani. Alimwamkia mwenyekiti, "Shikamoo mzee," na hata kabla hajaitikiwa alikuwa amepita, kwa sababu angesimama angelia.

Watu walikaa kwenye nyasi za ofisi ya kijiji, wanaume upande wao, akina mama upande wao, wamejifunika mashuka kwa baridi. Mezani alikaa mzee Gidamis, na kando yake mwalimu Evarist na daftari la muhtasari, kwa kuwa mtendaji wa kijiji alikuwa mgonjwa na mwalimu ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Paskalina alipomwona hapo, kalamu mkononi, nusu ya maneno yake yalipotea.

Majina yalisomwa. Wengine walipita, wengine walibishaniwa, kicheko kidogo hapa, manung'uniko pale. Lilipofika jina la Bura na Paskalina, Rogathe alisimama.

Rogathe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa mama wa watoto watano, paa lake linavuja, na kila msimu humuuzia Tawakali saumu yake ikiwa bado ardhini, kwa bei ya huruma, kwa sababu hawezi kungoja ikomae na njaa ikiwa ndani. Aliongea polepole, akitazama chini.

"Mwenyekiti, mimi sina ubaya na mama Monica. Ananipa maziwa watoto wakiugua. Lakini ana ng'ombe wa maziwa, na ndama wawili ameuza tunaona. Mimi sina hata kuku. Naomba mkutano uangalie."

Mkutano ukamwangalia Paskalina. Mzee Gidamis alikohoa. "Mama Monica, tunakuheshimu. Swali ni moja. Yule ng'ombe ni wa nani?"

Alisimama. Maneno yalikuwepo, aliyasikia kabisa kwenye ulimi. Akamtafuta Efrazia, akamwona kati ya akina mama, ameuma ncha ya kitenge, macho yamemtoka. Akamtazama Evarist. Mwalimu aliinua kalamu na kumtia moyo kwa sauti ya mtu mwema: "Sema tu mama, hakuna wa kukulaumu. Kupata maendeleo si kosa."

Kupata maendeleo! Huruma kwa Efrazia ilikuwepo moyoni mwake, asidharauliwe kwa hilo. Lakini na jambo jingine lilikuwepo. Kijiji kizima kilikuwa kimegeuka kumtazama, na kusema "si wangu" kungekuwa ni kurudi kwenye lile jiwe, tena safari hii wote wakijua alikuwa anakalia kiti kwa ng'ombe wa mtu.

"Ni wangu," alisema.

Evarist akaandika. Mkutano ukampigia makofi, ndiyo, makofi, kwa uaminifu wake. Jina likakatwa, la Rogathe likaingia, na Rogathe alivuka watu akaja kumkumbatia huku analia. Paskalina alisimama hapo mikono imemning'inia, akiwaza jinsi atakavyomwambia Monica. Alipogeuka kumtafuta Efrazia, Efrazia alikuwa ameshaondoka.

Jumapili alimngoja. Alijua atakuja, angalau kusema asante, angalau kukaa naye jikoni wakililie pamoja kilichopotea. Kila mbwa alipobweka alitoka nje. Aliosha vyombo vilivyooshwa. Kwenye misa Efrazia alikaa benchi la mbele na kutoka kwa mlango wa pembeni. "Ana aibu," Bura alisema. "Mpe muda." Paskalina alijaribu kuamini hivyo, lakini usingizi ulimpaa.

Jumatatu, jua likiwa limeshaukata ukungu, Efrazia alifika. Hakuwa na mfuko wa sukari wala kitu cha mkononi anachobeba mtu anayekuja kushukuru. Alikuwa na kamba mpya, imeviringwa, kibandiko cha bei bado kimening'inia.

"Umeamkaje," alisema akitazama banda.

"Vizuri. Hiyo kamba?"

"Nimeongea na kaka wa Nangwa. Anasema ni heri nimpeleke huko. Amepata lori la mtu linarudi tupu, linapita leo saa saba."

Paskalina hakuelewa mara moja. "Jumatano gari lilikuwa ghali, na ng'ombe ana mimba."

"Ndiyo, lakini..." Efrazia alihamisha kamba toka mkono huu kwenda huu. "Umesema mbele ya watu mia mbili kwamba ni wako. Limeandikwa. Kesho nikifa, kesho tukikosana, mimi nitamwonyesha nani? Hatukuweka shahidi, Paska. Sijalala tangu Jumamosi."

"Wewe hujalala?"

"Usinielewe vibaya."

Lakini ilikuwa imeeleweka, tena vizuri. Ametupa hosteli ya mwanawe ili kumfichia mtu siri, na mtu huyo amepitisha siku mbili akimwogopa kama mwizi! Bura aliacha kuchonga. Kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo Paskalina hakutaka kwenda popote. Alikaa kwenye ukingo wa jiwe la kusagia, akanyoosha miguu, akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa imetulia.

"Na ndama wangu?"

"Akizaliwa kaka atakuletea."

"Sawa. Mchukue."

Efrazia alitazama uso wake, akaingia bandani. Alimfunga ng'ombe kamba, akamtoa hadi uwanjani. Ng'ombe alimfuata Paskalina kwa macho na kusimama.

"Lori linasimama wapi?" Paskalina aliuliza.

"Pale dukani, barabara kuu."

"Basi utapita mbele ya ofisi ya kijiji. Halafu kwa Rogathe, halafu shuleni, mapumziko ya saa nne, mumeo amesimama na chaki mlangoni. Wote walisikia ni wangu. Watakuuliza unampeleka wapi ng'ombe wa mama Monica. Utawajibu nini?"

Efrazia aligeuka, akaitazama njia ya ofisini.

"Unaweza kusema umenunua," Paskalina aliendelea. "Mumeo atafurahi kusikia mlikuwa na fedha ya ng'ombe ndani ya nyumba."

"Nitarudi giza likiingia."

Hapo Bura akaingilia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mpini wake. "Shemeji, ng'ombe akitoka usiku hapa napiga yowe. Unayajua mayowe yetu. Vijiji vitatu vitatoka na fimbo, na hawatauliza mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Yowe la mwizi wa ng'ombe halifanyiwi mzaha huku, na Efrazia, aliyezaliwa bonde hilo hilo, alijua. Alisimama katikati ya uwanja na kamba mkononi. Mbele yake palikuwa na barabara asiyoweza kupita, nyuma yake banda lisilo lake, na ng'ombe aliyemnunua kwa jasho la misimu miwili alikuwa pale pale, akitafuna, hawezi kwenda popote mpaka mwenyewe aende kumwambia mumewe ukweli. Na hilo aliona wazi kwamba bado hana ubavu nalo.

"Unataka kuninyang'anya," alisema kwa sauti ndogo.

"Sitaki ng'ombe wako. Mtoto wa mtu haachi shule kwa ajili ya ng'ombe nisiye na haki naye, hilo tu." Paskalina alijisikia vibaya kusema hivyo, alijua anamkaba rafiki yake mahali asipoweza kupiga kelele, na aliendelea kukaba. "Mimi nimelipa upande wangu, mbele ya watu, wakanipigia makofi. Wewe bado."

Upepo wa asubuhi ulivuma ukatikisa mabua juu ya banda. Walitazamana, wanawake wawili waliosimamiana harusi, na kila mmoja alijua kwamba walichokuwa nacho tangu darasa la pili kimekwisha hapo uwanjani, na kwamba wataendelea kusalimiana, kuazimana chumvi na kukaa benchi moja kanisani, tena kwa miaka mingi, kwa sababu sasa wamefungwa na ng'ombe.

Efrazia ndiye aliyetangulia kushusha macho. Alimrudisha ng'ombe bandani, akachukua muda mrefu kufungua fundo. Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu.

"Hosteli wanataka nini?" aliuliza.

"Debe mbili za mahindi, kilo kumi za maharage, na elfu arobaini."

Efrazia alitazama upande wa nyumba za walimu, akipiga hesabu ya vitu ambavyo mumewe hajui idadi yake.

"Mahindi ninayo," alisema.